Mama Anarudi Sehemu ya Pili

Shangazi aliuona ule ubao akiwa bado ng'ambo ya barabara, na hapo hapo akajua mdogo wake karukwa na akili. Ulikuwa umeegemezwa ukutani nje ya banda lao la sinema, rangi nyekundu bado mbichi, inachuruzika: NGAZI YA MOSHI, SEHEMU YA PILI, JUMAMOSI SAA KUMI. Hayo hayakuwa na neno. Kilichompandisha mori ni mstari wa chini, wenye herufi kubwa kuliko zote: MAMA ANARUDI.

Alivuka bila kuangalia kushoto wala kulia. Mwenye baiskeli akamtupia tusi, hakulisikia. Ndani alimkuta mdogo wake kapiga magoti, anaunga waya wa spika, brashi ya rangi iko kando yake kwenye kopo.

“Nani kakuambia mama anarudi?”

Mdogo wake hakugeuka. “Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Nani kakuambia?”

“Watu wanataka arudi. Ukiwaandikia wanachotaka, banda linajaa. Na likijaa, wewe mwenyewe hapo mlangoni unacheka.”

“Filamu umeitazama?”

“Dada, lini umeniona natazama filamu kabla ya siku yake? Nikiitazama kabla, ladha inaisha.”

Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Mtaa mzima ulimwita Spika. Filamu walizoonyesha pale zilikuwa za lugha za watu, nyingi hazina hata maandishi ya chini, na Spika hakuijua hata lugha moja kati ya hizo. Alikaa kwenye kiti kirefu pembeni ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mdomoni, akatazama midomo inavyocheza na macho yanavyozunguka, akasema anachodhani kinasemwa. Asipodhani kitu, alitia chake. Jini likiguna tu, yeye alilipa jina, ukoo na wivu wa mke mwenza. Majoka yake yalifoka kwa maneno ya wenye nyumba wakorofi. Filamu hizo hizo, kwenye ukumbi mkubwa wenye viti vya kukunja, watu walitoka wanapiga miayo. Hapa bandani walilia, wakacheka, wakapiga mabenchi mateke mpaka misumari ikachomoka. Na za majini na falme za angani ndizo alizozimudu kifundi hasa, maana nani atakubishia jini kasema nini?

Sehemu ya kwanza ya Ngazi ya Moshi ndiyo iliyomtia kiburi. Ilikuwa habari ya mama mfinyanzi na binti yake, katika nchi isiyopata mvua. Moshi wa tanuri lao unageuka ngazi, mama anapanda kwenda kuwaomba mvua watu wa mawinguni. Mwishoni kabisa, mguu mmoja uko kwenye ngazi, mama anamshika binti mashavu na kumwambia maneno marefu. Maneno gani, anajua Mungu na waliotengeneza filamu. Spika alimeza mate, akalainisha sauti, akasema: “Mwanangu, usilie. Sehemu ya pili narudi.”

Banda lilipasuka kwa makofi. Maneno yale yakatoka nje, yakawa ya mtaa. Mtu akienda msalani katikati ya mazungumzo anawaaga wenzake, “Sehemu ya pili narudi.” Fundi akikimbia na nguo yako, unaambiwa usijali, sehemu ya pili anarudi.

Shida ni kwamba siku ile, kwenye benchi la mbele, alikuwepo binti wa Spika mwenyewe. Alikuwa wa darasa la tatu, na kwa jinsi alivyokuwa na maneno mengi walimwita Chiriku. Mama yake alikuwa amekwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani, na simu zake zilikuwa zimeanza kuadimika. Wote walipocheka, Chiriku hakucheka. Alilipokea neno lile kama la kwake. Tangu hapo kila jioni ni swali moja: baba, sehemu ya pili inakuja lini? Na yule mpuuzi, badala ya kumkalisha mtoto chini, anajibu, inakuja, mama, inakuja.

Halafu wifi alipiga simu. Hakumpigia mumewe, alimpigia Shangazi. Alilia kwanza, kisha akasema bila kuzunguka: huku nimepata mtu, nimezaa mtoto wa kiume, wifi nisamehe, sirudi. Mwambieni mtoto taratibu asinisubiri. Shangazi alimtukana mpaka pumzi ikamwishia, akakata simu, akaenda moja kwa moja kumwambia mdogo wake. Spika alikalia ndoo iliyopinduliwa. “Nipe muda nimwambie mwenyewe,” alisema. Shangazi akampa muda. Yeye muda ule akautumia kwenda kununua rangi nyekundu.

“Mtoto wako anajua kusoma,” Shangazi alisema sasa, amesimama juu yake. “Anapita hapo nje akitoka shule. Akiusoma huo ubao?”

“Ni sinema, dada.”

“Kwako ni sinema.”

Spika akaacha waya. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, lakini mbele ya dada yake aliyembeba mgongoni utotoni, sauti ilimsinyaa. “Nitamwambia. Haki ya Mungu, kabla ya Jumamosi nitakuwa nimemwambia.”

“Mdomo uliomdanganya ndio huo huo utakaomwambia. Mimi simwambii. Usinitegee mimi.”

Hakumwamini hata chembe. Mchana ule, Spika alipotoka kwenda kutafuta fundi wa projekta, Shangazi alijifungia kwenye kijichumba cha nyuma, kati ya kreti za soda na mabenchi yaliyovunjika, akachomeka flashi kwenye televisheni ndogo. Akaitazama sehemu ya pili peke yake, bila mtu wa kumtilia maneno.

Palikuwa na miji ya mawingu na ndege wa kioo, vitu vya kupendeza kweli, hata akasahau kukasirika kidogo. Binti anaipanda ngazi mpaka nyayo zinaungua. Anafika kwenye geti kubwa. Mama anatoka, kavaa taji, ana kile kipele cheusi chini ya jicho alichokuwa nacho tangu sehemu ya kwanza. Anamtazama mtoto, anasema maneno machache, anafunga geti. Basi. Binti anashuka, anawasha tanuri mwenyewe, na filamu inaendelea na mambo yake ya mvua mpaka mwisho. Mama haonekani tena.

Shangazi hakuizima televisheni. Kisha akatafuta sehemu ya kwanza, akaipeleka mpaka pale pa kuagana, akatazama bila sauti ya mdogo wake. Alishangaa jinsi alivyokuwa hajawahi kuuona vizuri ule uso. Haukuwa uso wa mtu anayerudi. Mwanamke yule alikuwa anamuaga mtoto wake, na mwenye macho angeona. Watu wa filamu hawakumwahidi mtu yeyote chochote. Ahadi ilitoka kwenye kiti kirefu, kwa mtu anayejitia kujua kila lugha. Na Jumamosi watu watasema filamu mbovu, imewaangusha, haikufika walipoitarajia. Ingefikaje, wakati waliyoitarajia haikuwa filamu ile?

Spika aliporudi alimkuta mlangoni, mikono kiunoni.

“Harudi. Nimeitazama. Anamfungia mtoto geti usoni.”

Spika akawa anakunakuna rangi iliyomkaukia kidoleni. Kisha akatoa lile tabasamu lake la jukwaani. “Basi nitamrudisha mimi.”

“Utamrudishaje?”

“Dada, unamkumbuka yule shujaa aliyekatwa kichwa katikati ya filamu? Nilimpa pacha. Nani alilalamika?”

“Wewe kichwani hamna kitu,” Shangazi alisema, na alimaanisha. “Unamrudisha nani, mama wa mawinguni au mke wako?” Spika akajitia hamnazo, akaendelea na nyaya zake.

Jumamosi banda lilifurika. Watoto walikaa chini mbele ya mabenchi, wakubwa wakabanana mpaka ukutani, na pazia la madirishani likazuiliwa na matofali lisipeperuke likaingiza jua. Shangazi alikuwa mlangoni anachana tiketi, karibu na swichi kuu. Chiriku alikuja na rafiki zake wa darasani, nywele kasukwa upya, gauni la sikukuu kalipiga pasi mwenyewe na kuacha mkunjo mmoja mkubwa mgongoni. Akamvuta shangazi yake mkono.

“Shangazi, akirudi atakuwa amezeeka?”

“Nani?”

“Mama. Wa kwenye filamu,” mtoto akasema, halafu akaongeza kwa sauti ndogo, “na wangu.”

Shangazi akaacha kuchana tiketi. “Baba yako hajakuambia kitu?”

“Kaniambia nikae mbele.”

Hasira iliyompanda pale Shangazi haikuwa ya kawaida. Alitaka kumtoa mtoto nje saa ile ile, amwambie pale pale barabarani, yaishe. Lakini watu walikuwa wanasukumana, taa zikazimwa, Chiriku akachoropoka akaenda zake mbele. Shangazi akabaki na vipande vya tiketi mkononi. Kutoka gizani ikasikika ile sauti nzito: “Mabibi na mabwana, mliomsubiri mama, kaeni mkao wa kula.”

Mwanzoni alifaulu, lazima isemwe. Aliwapa ndege wa kioo umbea, walinzi wa mawinguni akawafanya wababaike na lafudhi za kuchekesha, banda likawa linatingishika. Lakini kila mwanamke aliyepita kwenye kitambaa, Spika alimfanya ametumwa na mama. Muuza maji: “Mama yako anakusalimu, anakuja.” Bibi wa ngazini: “Mama yako nimempita njiani, amebeba zawadi.” Kila alivyosema hivyo, Shangazi aliona kichwa cha Chiriku kinanyanyuka kidogo zaidi. Mtu mzima na akili zake anamjaza mtoto upepo namna ile, mbele ya watu, na anapigiwa makofi. Shangazi alizichana tiketi zilizobaki vipande vidogo vidogo bila kujua anafanya nini.

Geti likaja. Kwenye benchi la pili alikuwepo fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiyeweza kutazama kitu bila kukikosoa. “Hilo geti halina bawaba,” alisema, watu wakamwambia anyamaze. Geti likafunguka, mama akatoka na taji lake, na watu wakapiga vigelegele. Mama karudi.

Ila mama hakutabasamu. Alisimama mkono mmoja kwenye geti, uso mkavu. Vigelegele vikapungua vyenyewe.

“Tahadhari,” Spika akasema haraka. “Huyu siye mama. Huyu ni mchawi aliyevaa sura ya mama. Mama wa kweli yuko njiani.”

“Acha hizo,” yule fundi akasema. “Kipele kile pale chini ya jicho.”

“Mchawi kanakili na kipele.”

“Ubao umeandika mama anarudi,” akasema mwingine nyuma. “Tumelipa tumwone mama, sio mchawi.” Wakaanza kuzomea. Wengine walimzomea Spika, wengine waliizomea filamu yenyewe, kwamba sehemu ya pili siku zote ni takataka, kwamba waliotengeneza wameishiwa. Mtu akarusha ganda la karanga kwenye kitambaa, likampiga mama shavuni. Spika akapandisha sauti, akaongeza mchawi wa pili, akaongeza pete ya uchawi, na kila alichoongeza kilizidi kuharibu.

Chiriku akasimama. Pamoja na udogo wake, kivuli chake kilifika kwenye kitambaa, kikamfunika mama miguu. Hakupiga kelele. Alimgeukia baba yake pale kitini na kusema, “Baba, huyo ni mama yake. Sema anachosema.”

Sijui kama ni ile sauti ya mtoto au ni aibu, lakini banda lilinyamaza. Spika naye alinyamaza, na hilo halijawahi kutokea tangu aliposhika kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza watu walisikia filamu inaongea yenyewe, maneno ya kigeni, mafupi, hayana hasira. Hakuna aliyeyaelewa, ila mkono wa kwenye geti waliuona.

Spika akakisogeza kipaza sauti mdomoni. Sauti aliyotoa haikuwa ya jukwaani.

“Anasema usinisubiri.” Akakishusha kipaza sauti, akakiinua tena. “Anasema, huku nimepata mtu. Tuna mtoto, wa kiume. Anasema sirudi. Nilipiga simu nikasema, mwambieni taratibu.”

“Simu?” fundi wa mageti akacheka. “Mawinguni kuna simu?”

“Na huyo mtoto wa kiume yuko wapi, mbona hatumwoni?” akauliza mwingine, na kicheko kikaanza kusambaa tena kwenye mabenchi. Walikuwa wamempata tena Spika wao. Walidhani anatia chumvi.

Chiriku hakucheka wala hakukaa. Aliendelea kusimama, mkunjo wa gauni mgongoni, kivuli chake kwenye miguu ya yule mwanamke. Geti likafungwa. Na Shangazi akaona kwamba mtoto ameelewa, tena ameelewa lote.

Wiki nzima alikuwa anautaka ukweli ule usemwe. Sasa umesemwa, na hasira ilimpanda kuliko alivyowahi kukasirika. Mwoga mkubwa. Hata leo kajificha nyuma ya mwanamke mwenye taji, kamwambia mtoto wake kwa spika mbili, katikati ya kicheko, akitegemea kwamba mtoto akilia atasema ni sinema tu, mama. Shangazi akainua mkono, akashusha swichi kuu.

Giza, kisha kelele. Shangazi akavuta matofali, pazia likapeperuka, jua la jioni likaingia likawaumiza watu macho.

“Imekwisha,” alisema. “Njooni kesho, mtaimalizia, mlango utakuwa wazi kwa kila mtu, bila tiketi.”

“Filamu yenyewe mbovu,” fundi wa mageti akasema, anasimama. “Mtu unasubiri muda wote huo, wanakuletea mama wa namna hii.”

“Filamu haina kosa,” Shangazi akamjibu. “Toka, baba, usinitie maneno mdomoni.” Na jinsi alivyomtazama, yule fundi mwenye mdomo akatoka bila kuongeza. Wengine wakafuata, wananung'unika, wanakokota watoto wao.

Spika alikuwa bado kwenye kiti chake kirefu, kipaza sauti kilichokufa kiko mkononi.

“Shuka,” Shangazi akamwambia.

“Dada, nimeshamwambia. Umesikia mwenyewe.”

“Uliyemwambia ni mtaa. Weka hicho kidude, shuka, umwambie mwanao. Kwa mdomo wako mtupu.”

Alishuka. Chini, bila kiti na bila spika, alionekana mtu wa kawaida tu, shati limemlowa kwapani. Alichuchumaa mbele ya binti yake kati ya maganda ya karanga. Alianza mara mbili, akashindwa. Mara ya tatu akasema, polepole, sauti haifiki hata benchi la pili: “Mama yako kampigia shangazi yako. Ana mume mwingine huko. Kazaa. Kasema harudi, na kasema usimsubiri. Nilikuwa naogopa kukuambia.”

Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho, macho yako kwenye mdomo wake, kama mtu anayechunguza kama maneno yanaoana nao.

“Hapo umeongeza?”

“Sijaongeza, mwanangu.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Nakuapia.”

Mtoto akafikiri. Kisha akamwacha baba yake pale alipochuchumaa, akageuka kumtazama shangazi yake mlangoni, akasubiri yeye aseme kama ni kweli. Spika naye akageuka, uso umelowa, anamtazama dada yake kwa macho ya kuomba, na Shangazi hakujua anaomba nini, aseme ndiyo au aseme siyo.

Alikuwa amesema hatamwambia yeye. Alimtamkia yule mpumbavu wazi kwamba mdomo wake haumo. Na sasa hapakuwa na mdomo mwingine ambao mtoto angeuamini.

“Ni kweli, mama,” Shangazi akasema. “Harudi.”

Hapo ndipo Chiriku alipolia.